Siku ya Kumfuata Reino Kangas

Mtu akiniuliza nilipataje kazi ya kuwashauri wanafunzi wa sekondari kuhusu kazi, namwambia ukweli: nilifukuzwa kazi mpaka nikafika hapa. Mgodi wa chuma ulinipunguza mara tatu, na mara ya tatu hata kofia ya mara ya pili sikuwa nimeirudisha. Nikaendesha lori la magogo hadi siku lori lilipoamua kulala mtaroni, nami nikiwa ndani. Nikapanga piza za kugandisha kiwandani, huko nikaacha ncha ya kidole cha shahada, na mpaka leo sijui ilifika kwenye friji ya nani. Ndipo mkuu wa shule ya Harkness akanisimamisha dukani, mbele ya mifuko ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, akaniambia, "Reino, simjui mtu aliyefukuzwa mara nyingi kuliko wewe. Njoo uwaeleze watoto."

Nimewaeleza kwa miaka kumi na minne. Mbele yangu wananiita Bwana Kangas. Nyuma yangu wananiita Kidole.

Chumba changu kiko mwisho wa korido, kati ya chumba cha boila na stoo ya magongo ya hoki. Kina meza, viti viwili, kabati la vijitabu visivyosomwa na mtu, na ramani ya Marekani iliyojaa ukuta mzima. Kila Mei, mwanafunzi anayemaliza huchukua pini akaichoma pale anapokwenda: Duluth, Fargo, Denver, kambi ya jeshi huko Georgia. Mchezo huo niliuanzisha mimi. Mwaka wa kwanza nilijisifu sana, nikawaita walimu waje waone jinsi watoto wetu walivyosambaa. Sasa pini zimepita mia mbili na themanini, na kule juu Minnesota ya kaskazini, tunapoishi sisi, ni karatasi tupu. Hakuna anayechoma pini mahali alipo tayari.

Pini moja ina kichwa chekundu. Iko Tucson, Arizona, nayo ni ya binti yangu, Sylvi. Alikuwa anataka kubaki. Kulikuwa na nafasi ya kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na alikuwa ameshaangalia chumba cha kupanga juu ya duka la chambo. Nilimkalisha kwenye kiti kile kile wanachokalia wengine wote, nikamshauri kama ninavyowashauri wote: nenda. Nilimshauri vizuri sana. Ana miaka minane huko, anapima maji ya visima, na anaipenda kazi yake. Mama yake naye alishatuacha zamani, yuko Wisconsin na mume anayeuza mashua. Huyo sikumshauri mimi.

Basi, kila Aprili tuna Siku ya Kumfuata Mtu. Wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho huchagua mtu mzima mwenye kazi, wakamfuata toka anapofika kazini mpaka anapotoka, wakiandika wanachokiona. Kisha huniletea ukurasa mmoja. Daktari wa mifugo hupata foleni. Polisi, msusi, mama wa benki, wote hufuatwa. Hata Lundeen wa mazishi hupata wawili kila mwaka, na anawapa kahawa. Mimi, katika miaka kumi na minne, sikuwahi kufuatwa hata na nzi.

"Reino, kaa chini," Verna Lokken aliniambia Jumatatu ile. Verna ni karani wa ofisi ya mbele, ana sauti inayofika uwanjani bila kipaza.

"Nimekaa."

"Basi kaa zaidi. Kuna mtoto amekuchagua wewe."

"Kunichagua nifanye nini?"

"Akufuate! Keshokutwa, siku nzima."

"Ana homa?"

"Ana akili timamu kuliko wewe. Britta Zalar."

Britta nilimjua, kama anavyojulikana kila mtu kwenye mji wa watu elfu moja na mia tisa. Miaka kumi na saba, mrefu, mikono mikubwa, maneno machache. Baba yake, Rudy Zalar, anaendesha koleo kubwa la mgodini, lile linalobeba jiwe la ukubwa wa nyumba kwa mkupuo mmoja. Mama yake alifariki Britta akiwa na miaka kumi na miwili. Kwenye dodoso letu la kompyuta, lile linalomuuliza mtoto maswali tisini kisha likamwambia maisha yake yote, Britta aliambiwa anafaa kuwa mwosha maiti, mwalimu wa chekechea, au fundi wa laini za umeme. Alichagua laini. Shule moja ya mafundi wa laini, wale wanaopanda nguzo, huko Idaho, ilikuwa imemkubali. Wiki kumi na tano za mafunzo, halafu kazi popote dhoruba inapokata umeme. Fomu ya kukubali nafasi ilitakiwa iwe na sahihi yake na ya mzazi, ifike kwao kabla ya Ijumaa kwisha. Nilikuwa nimemkumbusha kwa wiki tatu, na kwa wiki tatu alikuwa akinijibu neno moja: "Bado."

Nikajiambia, ndiyo hiyo. Binti amebadili mawazo. Anataka kuwa mshauri kama mimi. Nikafurahi kwa dakika nzima, halafu nikapatwa na hofu, maana nilikumbuka siku zangu zilivyo. Siku hizi mtoto akitaka kujua kazi anauliza simu yake. Kwangu anakuja kuomba stepla.

Nikafanya ujinga, nao niliufanya kwa bidii. Nilimwomba Verna anipigie simu kila baada ya nusu saa, ili nionekane mtu anayetafutwa. Nikawashika vijana watatu wa karakana, nikawaahidi donati, nikawapa maswali ya kuja kuniuliza. Nikavaa tai. Tai yenyewe ina picha ya samaki, lakini ni tai.

Jumatano saa mbili kamili Britta alikuwa mlangoni, theluji kwenye mabega, daftari dogo mkononi.

"Karibu ofisini, mheshimiwa," nikamwambia. "Kiti kile kina mguu mmoja mfupi. Ukikaa nacho kwa heshima, hakikuangushi."

Akakaa. Akaangalia saa ya ukutani, akaandika.

Saa mbili na nusu simu ikalia. Nikaipokea kwa sauti ya mtu wa Wall Street. "Kangas hapa. Ndiyo. Ndiyo, hilo nitalishughulikia mwenyewe." Saa tatu ikalia tena. "Kangas. Waambie wasubiri." Saa tatu na nusu, "Kangas," na kabla sijasema lingine sauti ya Verna ikaja kwa njia mbili, kwenye simu na kupitia ukuta wa korido nzima: "Reino, nina kazi zangu! Hii ya mwisho!"

Britta akaandika.

Saa nne akaja kijana wa kwanza, Dale Hukkala. Ni fundi mzuri wa kuchomelea vyuma, lakini mwigizaji siye kabisa. Alisimama mlangoni akifungua kiganja chake na kukisoma.

"Bwana Kangas, nimekuja ku... kutafakari mustakabali wangu."

"Karibu, Dale. Mustakabali gani?"

Akakigeuza kiganja. Jasho lilikuwa limefuta wino. "Huu uliobaki," akasema.

"Vizuri sana. Endelea nao."

"Donati ziko wapi?"

Wale wawili wengine hawakuja kabisa. Nadhani Dale aliwaambia donati zimekwisha, na ni yeye aliyezimaliza.

Baada ya hapo siku ikabaki kama ilivyo kawaida yake. Saa tano hakuja mtu. Saa sita nikala mkate wangu wa nyama mezani, Britta akala tufaha lake, boila ikinguruma nyuma ya ukuta. Nilimsimulia jinsi nilivyowahi kulala ndani ya lori siku mbili kwenye dhoruba, nikila biskuti za mbwa, na jinsi zile zenye ladha ya ini zilivyokuwa bora kuliko za kuku. Alicheka, na ana kicheko kizuri cha kitoto. Lakini kalamu hakuigusa. Nilipofunga mdomo nikafuta meza ambayo haikuwa na kitu, ndipo alipoandika.

Saa saba akaja msichana wa mwaka wa kwanza kuomba stepla.

Saa nane Britta akainuka, akaenda kusimama mbele ya ramani mikono nyuma, kama mtu aliye makumbusho.

"Ya Sylvi ni hii nyekundu?"

"Hiyo. Alitaka iliyo tofauti. Toka mdogo alikuwa na maringo."

"Ya kwako iko wapi?"

"Mimi sijaenda mahali, binti. Pini ni za wanaoondoka."

Akarudi kitini, akafungua ukurasa mpya. "Bwana Kangas, nina maswali matatu. Ya mwisho wa siku."

"Uliza. Mshahara sitaji, utalia."

"Jioni unakula wapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Swali hilo linahusiana vipi na kazi ya ushauri?"

"Unakula wapi?"

"Kwenye ukumbi wa dhahabu, na wapiga zeze wawili."

"Huo ni utani," akasema. "Siandiki utani."

Nikamtazama. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi inangoja. Nikatupa jicho kwenye daftari lake, ukurasa wa nyuma uliokuwa wazi kidogo, nikaona maandishi yake ya herufi kubwa: *Saa 6.20 kimya. Saa 6.45 kafuta meza. Saa 7.10 kasimama dirishani, kaangalia barabara, kakaa.* Hapakuwa na neno kuhusu vijitabu, wala dodoso, wala namna ya kumshauri mtu. Na mimi, mzee niliyefukuzwa na waajiri saba, nikawa nimechelewa mno kuelewa. Mtoto huyu hakuja kujifunza kazi yangu. Alikuja kumwangalia mtu ambaye binti yake ameondoka.

Sasa hapo palikuwa na njia mbili, na zote nilizijua zinafika wapi. Ningeweza kumwambia kwamba Jumanne nacheza karata, Alhamisi ni mchezo wa bowling, Jumapili jirani ananiita kwa chakula. Angeandika yote, angefunga daftari, angetia sahihi, na shule ya Idaho ingepata mpanda nguzo mzuri. Au nimwambie ilivyo, na aende kumhudumia baba yake mpaka mgodi umalize chuma chake. Miaka kumi na minne nimewaambia watoto wajue mambo kamili ndipo wachague. Ni rahisi kulisema ukiwa na kijitabu mkononi.

"Nakula nimesimama," nikamwambia. "Kwenye sinki. Supu ya kopo mara nyingi, kwenye sufuria yenyewe, ili kuosha kusiwe kwingi."

Akaandika. "Unaongea na nani?"

"Redio naiwasha kabla sijavua viatu. Mtu wa hali ya hewa huwa namjibu. Akikosea, namtukana."

Akaandika hilo pia, neno kwa neno. "Sylvi anapiga simu siku gani?"

"Jumapili."

"Kila Jumapili?"

Boila ikazima. Huwa inazima yenyewe saa nane na nusu, na ikizima ndipo unajua kelele ilivyokuwa.

"Hapana," nikasema. "Si kila Jumapili. Ana maisha yake kule. Ndivyo nilivyotaka."

Britta akaweka kalamu chini kwa mara ya kwanza toka asubuhi. "Angejua kuhusu sinki, angekwenda?"

"Asingekwenda."

"Ndiyo maana hukumwambia."

"Ndiyo maana."

"Basi na baba hataniambia." Alisema polepole, akijiambia mwenyewe. "Nimemwuliza mara mbili atakuwaje. Mara ya kwanza kasema 'Safi'. Mara ya pili kasema 'Safi' na kuinuka kwenda kuangalia gari. Gari halina ubovu wowote, Bwana Kangas. Anafungua boneti tu, anasimama pale. Baba ana maneno arobaini kwa siku, na thelathini anampa mbwa."

"Na kumi yaliyobaki?"

"Ya kwangu."

Nikavuta kiti. Kuna hotuba niliyonayo kwa ajili ya wakati kama huo, nimeitoa mara nyingi, ina mahali pa kucheka na mahali pa kunyamaza. Niliitafuta, nikaona haifai kitu.

"Sikiliza," nikasema. "Ukikaa, hayo maneno kumi utayapata kila siku. Si kidogo, najua. Mimi ningetoa kidole kingine kwa maneno kumi ya Sylvi kila siku. Lakini baba yako atakuona unakwenda kufuta meza za mkahawa wa hapa mjini, na mikono hiyo, na atajua ni kwa sababu yake. Hapo hata mbwa atakosa yake."

"Na nikienda atakula kwenye sinki."

"Atakula kwenye sinki. Sikudanganyi."

 Nje mabasi ya shule yalikuwa yanapanga mstari, moshi wake mweupe kwenye baridi. Nilikuwa na uhakika nimempoteza. Na nitasema jambo lisilopendeza: kwa kitambo kidogo nilifurahi. Angalau mmoja angebaki.

"Una sauna?" akauliza ghafla.

"Jina langu ni Kangas, la Kifini. Unamwuliza samaki kama ana maji?"

"Uliwasha lini mara ya mwisho?"

Nikahesabu. "Miaka minne. Mitano."

"Kwa nini?"

"Kuni nyingi mno kwa mtu mmoja." Kwetu sisi Wafini sauna, kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, ni ya Jumamosi, na ni ya watu. Unawasha mchana, jioni wanakuja, wanavua, wanakaa, wanatoka jasho. Mtu anayejiwashia peke yake huonekana kama aliyejifanyia sherehe ya kuzaliwa.

"Yetu imejaa matairi ya theluji," Britta akasema. "Toka mama alipofariki. Baba anasema anamsubiri mtu wa kuyanunua. Hakuna mtu anayeyanunua, hajamwambia mtu kwamba anauza." Akafunga daftari. "Washa Jumamosi. Atakuja."

"Britta, mimi na baba yako hatujaongea toka mgomo wa mwisho wa mgodi. Na tulichoongea siku ile hakiandikiki kwenye daftari lako."

"Si lazima muongee. Ni sauna."

"Na yeye ni Mslovenia! Watu wenu wanajua nini kuhusu sauna? Mnakwenda kule kula soseji."

"Ataleta soseji," akasema. Alikuwa ameshasimama, anafunga zipu ya koti. "Niahidi, sio utani. Ukiahidi nitampa fomu leo usiku."

Hivyo ndivyo mshauri wa kazi mwenye uzoefu wa miaka kumi na minne alivyoshauriwa na mtoto wa miaka kumi na saba, akiwa amevaa tai ya samaki. Nikaahidi.

Alhamisi nilitoka shuleni mapema nikaenda kufungua sauna. Iko nyuma ya nyumba, aliijenga babu yangu kwa magogo kabla hata ya kujenga pa kulala. Mlango uligoma, nikausukuma kwa bega. Ndani palikuwa na mashine ya kukata nyasi, maboksi, na kiota cha panya kwenye jiko. Nilitoa kila kitu kikae kwenye theluji. Nikasugua benchi kwa brashi na maji ya moto mara tatu. Chini ya benchi la juu nikaokota kata ya mbao, ile ya kuchotea maji ya kumwagia mawe. Kwenye mpini kuna herufi zilizochomwa kwa chuma cha moto: SYLVI. Alizichoma mwenyewe akiwa na miaka tisa, na akaunguza kidole, na akakataa kulia. Ndoo yake ndogo ya bati nayo ilikuwepo, inamtosha mtoto wa umri huo. Kata niliiosha nikaitundika msumarini. Ndoo niliirudisha chini ya benchi, nikaisukuma mpaka ukutani.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Britta akaweka fomu juu ya meza yangu. Sahihi ya baba yake ilikuwa na alama ya grisi ya mashine, dole gumba zima, kama muhuri.

"Alisema nini?"

"Alisoma yote. Hata maandishi madogo ya nyuma. Halafu akasema, 'Kumbe wanatoa mkanda wa usalama.'"

"Manne hayo."

"Matano," akanisahihisha. Alijaribu kucheka, haikutoka vizuri. Nikamgeuzia mgongo nikashughulika na mashine ya faksi muda mrefu kuliko inavyohitaji, ili afute uso wake kwa nafasi. Fomu ikaenda Idaho. Nikamfungulia kopo la pini.

"Mei ndiyo wakati wake," akasema.

"Nani atakushitaki?"

Alichagua ya bluu. Idaho ilikuwa haina hata moja, kwa hiyo pini yake ilikaa peke yake pale, mbali na zote. Kisha akaniachia ukurasa wake wa Siku ya Kumfuata Mtu, umekunjwa mara nne. Sheria ni kwamba lazima niusome na niuwekee alama. Mstari wa kwanza uliandikwa: *Mtu huyu hafanyi kazi yake saa za kazi. Kazi yake inaanza akifika nyumbani.* Niliuwekea alama zote. Sikuupeleka kwenye faili.

Jumamosi niliwasha saa saba mchana, kuni za mbetula, na saa kumi moshi ulikuwa umeshauambia mtaa mzima. Saa moja jioni gari la Rudy Zalar likaingia. Hakuna aliyefungua boneti. Rudy akashuka, pande la mtu, taulo begani, soseji kwenye mfuko wa karatasi.

"Kangas," akasema.

"Zalar."

Tukavua, tukapanda benchi la juu, kila mtu upande wake, kati yetu nafasi ya mtu wa tatu. Nilikuwa nimejiandaa na utani kama saba hivi. Niliutoa mmoja, ule wa biskuti za mbwa. Akatikisa kichwa na kusema za ini ndizo bora. Sikumwuliza amejuaje.

 Jasho likaanza kumtoka mgongoni, na mimi pia. Mgongo wake una kovu kubwa, la ajali ya mgodini ambayo kila mtu alizungumzia wakati ule, nikiwamo mimi, na sikuwahi kwenda kumwona. Nje giza lilikuwa linaingia kwenye theluji. Nikachota maji kwa kata ya Sylvi, nikamwagia mawe, mvuke ukapanda ukatushika masikio, tukainamisha vichwa vyote viwili.

"Agosti," akasema baada ya muda mrefu.

"Tarehe tisa. Nimeona kwenye fomu."

"Tarehe tisa."

Kuni zikalia ndani ya jiko. Alikuwa ameegemeza viwiko kwenye magoti, mikono yake mikubwa inaning'inia, ile ile niliyoiona kwa binti yake ikishika kalamu.

"Ile hali," akasema, na akasita. Nilihesabu bila kutaka: alikuwa ameshayatumia mengi ya siku hiyo. "Inachukua muda gani kuizoea?"

Ningeweza kumwambia mwaka. Watu hupenda kuambiwa mwaka.

"Mimi niko mwaka wa nane," nikasema. "Nikifika nitakwambia."

Rudy akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa barabara imefungwa na alikuwa anajua. Akanyoosha mkono, nikampa kata. Aliigeuza kwenye mwanga wa mlango wa jiko, akapitisha dole gumba juu ya zile herufi mpaka mwisho wa jina, kisha akachota maji.

"Jumamosi ijayo nina zamu," akasema. "Ile nyingine, nitakuja."

Akamwagia mawe.